Altyerr: neno ambalo "ndoto" haiwezi kulibeba

Ukisoma habari za wachoraji wa jangwa la Australia, wale wa jamii za wenyeji asilia, hukawii kukutana na "ndoto". Ndoto ya Emu (ndege mkubwa wa huko asiyeruka), Ndoto ya Kiazi, Wakati wa Ndoto. Msomaji anaelewa kwamba mtu alilala, akaota, akaamka, akachora alichokiota. Sivyo kabisa, na kosa hilo linavuruga kila kinachofuata.

Neno lenyewe, kwa Waanmatyerr wa katikati ya Australia, ni Altyerr. Majirani zao Waarrernte husema Altyerre, Wawarlpiri husema Jukurrpa, na Wapitjantjatjara husema Tjukurpa. Mwishoni mwa karne ya 19, Baldwin Spencer na Frank Gillen, waliokuwa wakiandika habari za Waarrernte, ndio walioeneza ile tafsiri ya Kiingereza ya "wakati wa ndoto". Ilikotoka panaonekana, kwa kuwa katika Kiarrernte kuota ni "kuiona altyerre". Lakini kitu kikionekana usingizini hakigeuki kuwa usingizi. Sisi wenyewe husema marehemu babu amemjia fulani ndotoni, wala hakuna anayeelewa kwamba babu alikuwa ndoto.

Altyerr ni wahenga walioipa nchi sura yake. Walisafiri juu ya ardhi iliyokuwa haina umbo, wakiwa watu na papo hapo wakiwa emu, mjusi, mvua au mmea. Walipolala pakabaki bonde, walipochimba pakabaki kisima, na wengine wakaingia ardhini wakawa mwamba. Altyerr ni safari zao hizo, na ni sheria walizoacha pia: nani aoe wapi, nani atunze kisima kipi, wimbo gani uimbwe mahali gani na nani asiusikie. Tena ni ile nguvu iliyobaki pale pale ardhini, inayofanya mbegu ziote. Ndiyo maana hata "hadithi za kale" haifai. Hadithi yetu ikianza na "hapo zamani za kale", tumekwisha kuifungia mlango nyuma yake. Altyerr haina mlango huo. Mwanaanthropolojia W. E. H. Stanner aliandika mwaka 1953 kwamba haiwezekani kuiweka katika wakati fulani, kwa sababu ilikuwako na ingali ipo, wakati wote.

Ukitaka kuiona kwa macho, mtazame mchoraji wa Kianmatyerr, Emily Kame Kngwarreye. Alizaliwa yapata mwaka 1910 katika nchi ya Alhalkere, eneo ambalo Wazungu waliligeuza ranchi ya ng'ombe wakaliita Utopia, kaskazini mashariki ya mji wa Alice Springs. Kngwarreye ni jina la kundi lake la kijamaa, linaloonyesha nani ni ndugu yake na nani anaweza kumwoa. Lakini Kame ndilo linalotuhusu hapa. Ni jina la mbegu za mmea uitwao anwerlarr.

Waandishi wa Kiingereza huuita mmea huo aina ya kiazi, na ukitafsiri haraka utafikiri ni kiazi kikuu. Hapana. Anwerlarr ni ndugu wa karibu wa kunde zetu, wa jenasi moja kabisa, Vigna. Unatambaa, unatoa maua ya manjano na majani ya kijani, kisha majani yakikauka huachi kuupata, maana mizizi yake iliyonenepa huvimba chini na kuupasua udongo. Mwanamke anayejua huzifuata nyufa hizo kwa macho, akapiga magoti, akachimba kwa kijiti. Baadhi ya maganda yake ya mbegu nayo hukomaa chini ya ardhi. Kwa hiyo jina la Emily ni la kitu kinachokaa gizani chini ya udongo, kikingoja mvua.

Sasa itazame picha yake ya mwaka 1995 iliyo katika jumba la sanaa la taifa la Victoria, mjini Melbourne. Ina upana wa mita 8 na kimo cha karibu mita 3. Juu ya weusi mtupu kuna mistari myeupe inayopinda, inayokutana, inayoachana, bila mwanzo wala mwisho. Wahakiki wengi wameisifu kama uchoraji wa kisasa usioigiza kitu chochote. Uzuri wanaouona ni wa kweli, ila kitu kipo. Ni mizizi ya anwerlarr, ni nyufa za udongo, ni njia za mhenga aliye mmea huo, na ni Alhalkere yenyewe. Alipoulizwa anachora nini, Emily alitaja kiazi hicho, mjusi wa miiba, mbegu za nyasi, mtoto wa mbwa wa zama za wahenga, emu na chakula cha emu, akasema ndivyo anavyochora, vyote pamoja.

Wala si kila mtu angeweza kuichora. Haki ya kuchora Altyerr ya mahali fulani hupatikana kwa nasaba, upande wa baba kwa namna moja na upande wa mama kwa namna nyingine, pamoja na wajibu wa kuitunza. Mimi naona hapa ndipo "ndoto" inapodhulumu zaidi, kwani ndoto ni ya mwotaji peke yake na hakuna anayeweza kumwuliza ameipata kwa ruhusa ya nani.

Emily alianza kuchora kwenye turubai akikaribia miaka 80, majira ya kiangazi ya 1988 kuingia 1989. Kabla ya hapo, tangu 1977, alikuwa akitia batiki pamoja na wanawake wenzake. Na kabla ya batiki kulikuwa na awelye, ibada za wanawake. Husaga ngeu, yaani udongo wa rangi, wakapakana mistari vifuani, mabegani na mikononi, huku wakiimba nyimbo za nchi yao. Hadi alipofariki mwaka 1996 anakadiriwa kuacha picha 3,000 hivi, na ile mistari ya vifuani imo ndani yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wenyeji wa Utopia walipodai ardhi yao kisheria, swali mbele ya msikilizaji wa madai lilikuwa: mna ushahidi gani kwamba nchi hii ni yenu? Wanawake walijipaka ngeu, wakaimba, wakacheza awelye. Ardhi ikarudishwa kwao.