Si kila weupe kwenye sakulenti ni kuvu

Ukiona weupe kwenye sakulenti yako, usikimbilie duka la pembejeo. Shika kijiti cha meno kwanza. Nimeona mimea mingi ya majani manono ikifa kwa tiba isiyoihusu, wakati ugonjwa wenyewe ungeondoka kwa pamba na spiriti. Haya hapa madai yanayopotosha, na jibu la kila moja.

"Weupe wote ni ukungu"

Ekeveria, sakulenti yenye majani yaliyojipanga kama ua, huota na nta laini kama poda juu ya jani. Hiyo ni kinga yake dhidi ya jua kali. Ukiifuta, alama ya kidole inabaki, maana jani lililokwisha kukua halirudishi nta yake vizuri. Inauma kuona mtu akisugua jani zima kwa kitambaa akiamini anauponya mmea.

Weupe wa pili ni kama pamba, nao hujificha pale jani linapoungana na shina. Hao ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, jamaa ya wale wanaoganda kwenye mipapai na mihogo. Uchokoe kwa kijiti: ukivutika kama nyuzi zinazonata, na ndani yake kukawa na kidudu bapa kinachojikokota, jibu umelipata. Kwenye dungusi kakati, ukiiponda pamba hiyo ikatoa wekundu kama damu, ni kochinili, mdudu yuleyule anayetumiwa kwa makusudi huko Laikipia kupunguza madungusi yaliyovamia malisho.

Kuvu halisi, yaani ubwiri unga, hutanda bapa kwa madoa, bila nyuzi wala mdudu. Wakulima wa korosho wa Mtwara wanamjua vizuri ndugu yake, na salfa wanayompulizia yeye husaidia hata kwenye kalankoe, sakulenti nyingine. Pulizia jioni, kwani salfa kwenye jua kali huunguza majani. Tenganisha vyungu upepo upite, na uache kulowesha majani.

"Majani yamesinyaa, basi ongeza maji"

Hapa ndipo mimea mingi inapoishia. Mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo jani husinyaa huku udongo umelowa chepechepe. Ingiza kidole kwenye udongo. Udongo ukiwa umelowa, ng'oa mmea uutazame. Mzizi mzima ni mgumu. Uliooza ni mweusi, ukiuvuta ganda linabaki mkononi na kuacha kiuzi katikati. Ukikuta pamba nyeupe kwenye mizizi, ni vidung'ata vya ardhini: osha mizizi yote, mwaga udongo ule, safisha chungu.

Dawa haifufui sehemu iliyooza. Tena baadhi ya viozeshaji, kama Pythium na Phytophthora, si kuvu hasa, na dawa nyingi za kuvu haziwafanyi kitu. Kata kwa kisu kilichofutwa spiriti mpaka ndani pabaki safi, bila hata duara dogo la kahawia. Weka kipande kivulini siku kadhaa, kidonda kikauke, ndipo ukipande kwenye udongo mkavu wenye changarawe nyingi, katika chungu chenye tundu.

"Sisimizi ndio wanaokula mmea"

Hapana, sisimizi wanafuata utamu ambao vidung'ata hunya, na huwalinda vidung'ata hao wasiliwe na wadudu wengine. Fuata msafara wao, utafika kwenye pamba.

"Spiriti mara moja inatosha"

Spiriti ya asilimia 70 huua kidung'ata anayeguswa tu, na jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai. Mguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba, mbali na jua, ukianza na jani moja la majaribio. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima, na mmea huo ukae peke yake. Sabuni ya unga ya kufulia iache kabisa, ni kali mno. Mafuta ya mwarobaini yanafaa, ila yanaondoa ile nta na, jua likiyapiga, yanababua.

"Vinundu kwenye alovera ni kuvu"

Uvimbe wenye mikunjo kwenye jani au ua la mshubiri husababishwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho, uliojichimbia ndani ya nyama ya mmea ambako dawa ya kupulizia haifiki kwa urahisi. Kata sehemu hiyo yote pamoja na nyama safi kidogo kuizunguka, uichome moto. Usiitupe kwenye mboji, na kifute kisu kabla hakijagusa mmea mwingine.