Tahadhari ya upepo mkali si ya wavuvi peke yao

Kila kusi inapoanza, simu za ofisini kwetu trafiki hulia kwa lalamiko lilelile lenye sura tatu. Abiria analalamika kwamba dereva wa basi alishuka hadi kilomita 50 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, wakachelewa kufika Mwanza. Mwenye lori analalamika kwamba dereva wake kalala Manyoni bila sababu. Na dereva, akiulizwa kama alisikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kuondoka, anajibu kwa mshangao: "Mkuu, ile si ya wavuvi?"

Simlaumu sana. Taarifa zenyewe mara nyingi husema upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Mtu wa barabara akishasikia neno mawimbi, anabadilisha stesheni. Lakini upepo wa kilomita 40 ni ule unaotikisa matawi makubwa ya mti na kukupokonya mwavuli, na hauulizi kama ulichokaa ndani yake ni jahazi au semi-trela. Rangi nazo zina maana: njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja na hatimaye kutua Mafia, taarifa zilitolewa mapema, na bado tuliulizwa kama mabasi ya kusini yanaondoka kama kawaida.

Nianze na hesabu, kwa sababu wengi hubishana na upepo kwa kutumia tani.

Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2 na kimo cha mita 2.6, yaani ubavu wa karibu mita za mraba 32. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukilipiga ubavuni moja kwa moja, unalisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 280 hivi. Upepo ukifika kilomita 80, msukumo hauwi mara mbili. Unakuwa mara nne, zaidi ya tani moja. Basi la mita 12 lenye kimo cha karibu mita tatu na nusu halina tofauti kubwa na kontena hilo, isipokuwa ndani mna watu.

Dereva mzoefu atauliza: tani moja ni nini kwa gari la tani 30? Swali la haki. Kwa gari lililosimama si kitu, halitaanguka. Upepo wa kawaida wa nchi kavu ni nadra kuliangusha gari kubwa kwa nguvu zake peke yake. Kazi yake ni kulisogeza. Basi lina upana wa mita 2.5, njia moja ya barabara kuu zetu nyingi ina mita 3.25 hivi. Piga hesabu: kila upande umebakiwa na nafasi isiyofika sentimita 40. Kwa mwendo wa 80 unakwenda mita 22 kila sekunde. Kabla hujamaliza kusema "eh!", tairi la kushoto liko kwenye bega la barabara, na bega lenyewe mara nyingi liko chini kuliko lami. Hapo dereva anashtuka, anauvuta usukani kulia kwa nguvu zote, tairi linapanda lami kwa ghafla, gari linarukia upande wa pili, na hapo ndipo linapolala. Kwenye maelezo ataandika "upepo". Alama za matairi juu ya lami zinaeleza jambo jingine, na sisi ndizo tunazozisoma.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, upepo wa kutoka kulia unakupeleka mtaroni. Wa kutoka kushoto unakupeleka usoni mwa anayekuja. Ukishajua unatoka wapi, umejua pia kosa lipi litakugharimu zaidi.

Sasa gari tupu. Hapa ndipo madereva wetu wanapojidanganya zaidi. Lori lililobeba saruji lina uzito wa kulishikilia barabarani. Lori hilohilo likirudi tupu lina uzito usiofika nusu, ubavu uleule, na dereva aliyechoka anayefurahia injini kuwa nyepesi. Tandiboi, msaidizi wake, kalala. Mguu unazidi kuzama kwenye mafuta. Nikiambiwa nichague lori la kulihofia kwenye upepo, nitachagua tela tupu lenye boksi kabla ya lile lililojaa. Linalofuata kwa hatari ni gari lenye mzigo mwepesi uliopandishwa juu: magodoro, pamba, magunia ya mkaa yaliyorundikwa hadi kupita paa la kichwa. Mzigo wa namna hiyo kwenye mizani hauna shida hata kidogo, ndiyo maana mwenye mali anaona yuko sawa. Mizani hupima uzito wa ekseli, haipimi tanga ulilolitweka.

Na ule ushauri wa vijiweni, kwamba upepo ukikukuta sehemu ya wazi ukanyage mafuta upite haraka? Hapana. Kadiri unavyokimbia ndivyo msukumo wa ubavuni unavyoongezeka, ndivyo kila sekunde ya kuchelewa inavyokula mita nyingi zaidi, na ndivyo kosa dogo la usukani linavyokuwa kubwa. Kwa mwendo wa 50 unakwenda mita 14 kwa sekunde badala ya 22. Tofauti hiyo ndiyo nafasi yako ya kurekebisha.

Punguza kabla hujafika penye upepo. Ukishafika umechelewa, kwa sababu breki kali wakati tela tupu linasukumwa ubavuni ndiyo njia fupi ya kulikunja na kichwa chake, hasa barabara ikiwa na maji. Achia mafuta taratibu, shusha gia, acha injini ifanye kazi. Usiteremke frii, yaani gia ikiwa imetolewa, najua wanaofanya hivyo ili kuokoa dizeli, na wao wanajua ninajua. Mikono miwili kwenye usukani, bila kuukaba. Masahihisho yawe madogo na ya mapema. Gari likiteleza hadi begani, usilirudishe kwa kulivuta: liache liende sawa na barabara huku mwendo ukipungua, kisha lipandishe lami polepole.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni utulivu wa ghafla. Dereva anayeegemeza usukani kulia kidogo ili kupambana na upepo, akiingia nyuma ya kilima, jabali au safu ya miti, upepo unakatika, na ule usukani alioegemeza unampeleka alikokuwa anaelekeza. Akitoka upande wa pili unampiga upya. Kulipita lori jingine ni hivyohivyo: ukiwa ubavuni mwake umekingwa, ukilimaliza kichwa unapokea upepo wote kwa mkupuo. Kama upepo unakushinda, usilipite. Basi kubwa linalokuja mbele yako kwa kasi nalo lina upepo wake, linakusukuma kwanza halafu linakuvuta. Jiandae kwa yote mawili. Na mwenye bodaboda mbele yako anasukumwa kama wewe, ila yeye hana tani. Mwachie nafasi ya mita moja na nusu au zaidi.

Wapi hasa? Watu huuliza wakitaka orodha, nami huogopa orodha kwa sababu mtu akiikariri anaacha kutazama. Nitataja machache. Vipimo vya upepo vilivyofanywa kwa ajili ya mipango ya umeme vilipata wastani wa mita 9.9 kwa sekunde Kititimo, Singida, na 8.9 Makambako, kwenye kimo cha mita 30. Hiyo ni karibu kilomita 36 na 32 kwa saa, na huo ni wastani, si mpulizo mkali. Kati ya Same na Mwanga barabara inapita chini ya Milima ya Upare, huku upande wa pili ni tambarare. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria. Waliozoea kivuko walikuwa wanamwachia nahodha shida ya upepo, sasa ni yao. Popote pengine tazama bendera ya shule, moshi, nyasi, na miti iliyokua ikiinamia upande mmoja. Tazama pia kilicho mbele ya mvua: ukuta wa vumbi unaoinuka chini ya wingu jeusi na ubaridi wa ghafla maana yake upepo utakufikia kabla ya tone la kwanza, tena ukiwa mkali kuliko wa siku nzima. Huo ndio wa kuuhofia kweli, kwani unaweza kuliangusha gari kwa nguvu zake peke yake, jambo nililosema hapo juu kuwa ni nadra.

Miaka hii tunayaona pia magari-nyumba ya wageni, mengine yakiingia Tunduma kutoka kusini, mengine Namanga. Ndani mna kitanda, jiko, kabati na tangi la maji; nje ni boksi refu lenye uzito mdogo kuliko umbo lake. Wenyeji wanaoyaendesha au kuyaongoza wakumbuke: vitu vizito sakafuni, si kwenye makabati ya juu, madirisha ya paa na kivuli cha turubai cha ubavuni vifungwe kabisa kabla ya safari, tangi la maji lililo chini ya sakafu ni afadhali lijae, mradi uzito unaoruhusiwa hauzidi. Na mgeni aliyezoea gari dogo asikabidhiwe funguo asubuhi ya upepo akaambiwa "utazoea njiani".

Kabla ya kuondoka kagua loki nne zinazolishika kontena kwenye tela. Zote nne, si mbili za mshazari. Turubai lifungwe lisipige makofi. Keria ya juu ya basi isiwe ghala. Upepo wa matairi uwe ule ulioelekezwa na mtengenezaji, kwa kuwa tairi laini hulifanya gari liyumbe zaidi.

Kuhusu sheria, naomba tuelewane, maana hapa maswali ni mengi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na usiozidi 80 kwa magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 nje ya makazi. Themanini ni kikomo. Si haki ya abiria, si ahadi ya mwenye gari, na si lengo la kufikiwa. Dereva anayekwenda 50 kwa sababu ya upepo hajavunja sheria ya mwendo; anayekwenda 80 katika hali ambayo gari linamshinda anaweza kujibu shitaka la kuendesha bila uangalifu, hata kama kipima mwendo hakikuzidi. Kwa magari kama haya, makosa ya papo kwa papo hulipiwa faini ya shilingi 30,000 kwa kila kosa. Narudia, kwa kila kosa: mwendo kasi na mzigo usiofungwa vizuri ni makosa mawili, ni shilingi 60,000. Faini hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hailipwi mkononi, na anayeitoa mkononi asije kwetu kuuliza stakabadhi. Kwa mabasi yenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) wa kufuatilia mwenendo wa magari, mwendo unasomwa njia nzima, kwa hiyo maelezo ya "nilikuwa nakwenda taratibu" yanaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya sheria yenyewe wala ya uamuzi wa mahakama.

Ukiamua kusimama, toka barabarani kabisa, mbali na miti mikubwa, mabango na nyaya za umeme, na kamwe si juu ya daraja. Ukiweza, elekeza pua ya gari upepo unakotoka. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekee jiwe. Tumeziokota mara nyingi zikiwa zimelala kifudifudi, hazimuonyi mtu yeyote. Mlango ushikwe kwa mkono wakati wa kufungua, la sivyo upepo unaung'oa bawaba.

Na kama ajali imetokea: piga 112, waondoe watu kwenye hatari, majeruhi wapate PF3, fomu ya polisi ya matibabu, lakini matibabu ya dharura yasisubiri karatasi. Gari lisisogezwe kabla polisi hawajapima, isipokuwa kwa kuokoa maisha. Katika maelezo usiandike "upepo" ukaishia hapo. Andika saa, jina la mahali, upepo ulitoka upande gani, mwendo wako, gari lilikuwa tupu au limebeba nini, na kama uliisikia taarifa ya TMA siku hiyo. Bima ya mtu wa tatu haitalipa gari lako hata kama upepo ungekuwa shahidi. Bima kubwa huenda ikalipa, kulingana na masharti ya mkataba, na jambo la kwanza mkaguzi wa bima atakaloomba ni hayo maelezo, pamoja na ripoti ya polisi na ya ukaguzi wa gari.