Jina la Tatu Si Lazima Liwe la Ukoo

Malalamiko ya majina kutofanana kwenye nyaraka yanaongezeka, na mengi yanatokana na dhana moja: kwamba jina la mwisho ni la ukoo.

Juzi dirishani kwetu alisimama kijana na bahasha ya kaki iliyochakaa kona. Cheti cha kuzaliwa kinaishia na jina la babu, cha kidato cha nne kinaishia na la ukoo, kitambulisho kimebeba yote mawili. "Mzee, si babu huyohuyo?" Ni huyohuyo. Mfumo haumjui babu.

Katika majina matatu, la mtu, la baba na la babu, ukoo haumo. Kila kizazi jina la mwisho hudondoka. Mara chache huganda, na mfano ninaoupenda ni Sykes wa Dar es Salaam. Sykes Mbuwane alikuwa askari wa Kizulu kutoka Msumbiji, aliyekuja na jeshi la Hermann von Wissmann wakati Wajerumani wanapigana na Abushiri. Mwanawe, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, akapewa jina la afisa wa Kijerumani: Kleist. Huyo ndiye Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association, chama kilichokuja kuzaa TANU, mwaka 1929, na baba wa Abdulwahid, Ally na Abbas. Kwa mtindo wetu, mtoto wa Abdulwahid angeitwa fulani Abdulwahid Kleist, na Sykes ingeishia hapo. Haikuishia. Kleist Sykes aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam ni mtoto wa Abdulwahid: kapewa jina la babu, kabaki na la baba wa babu.

Hapo ndipo tunapoulizwa kama ukoo huu ni wa Kiingereza. Jamani! Uingereza nako wapo akina Sykes, hasa Yorkshire, na jina lao linatokana na neno la kale la kijito au mfereji wa majimaji. Mtaalamu wa jenetiki Bryan Sykes, wa Oxford, mwaka 2000 alichapisha uchunguzi wa wanaume wenye jina lake: karibu nusu walikuwa na alama ileile kwenye kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mtoto wa kiume, dalili kwamba jina lilianzia kwa mzee mmoja. Waliobaki wanalibeba jina bila alama hiyo. Hata kwao jina halipimi damu, sembuse la askari wa Kizulu.

Sasa nyaraka. Hati ya kiapo na hati ya kubadili jina si kitu kimoja, ingawa watu huzichanganya kila siku. Kiapo, kinachoapwa mbele ya wakili au hakimu, kinasema majina haya na yale ni ya mtu mmoja. Hakibadili jina lako. Hati ya kubadili jina ndiyo inayolibadili, nayo haitoshi kusainiwa kwa wakili na kukunjwa mfukoni: isajiliwe kwa Msajili wa Hati, kisha nakala ipelekwe kila taasisi yenye kumbukumbu zako. Kuapa uongo ni kosa la jinai, hata kama karani wa mtaani aliyekuchapia alisema "andika tu, hawakagui". Tunakagua.

Yule kijana hakuwa na haja ya kubadili chochote. Alihitaji kiapo, na aje na cheti halisi cha kuzaliwa, si fotokopi.