Galaksi ya Perseus A haina masafa ya kusikilizia: ufafanuzi kwa umma

Kwa wiki kadhaa sasa dawati letu la ulinzi wa masafa limekuwa likipokea maswali mengi kuliko kawaida kuhusu klipu ya sauti inayozunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp. Maelezo yanayoambatana nayo yanasema ni "sauti ya shimo jeusi iliyorekodiwa na NASA". Wako wanaouliza kama ni ya kweli. Wengi zaidi wanataka kupewa masafa ili waisikilize kwa redio zao nyumbani. Wachache wameleta malalamiko ya maandishi, kwamba mikwaruzo wanayoipata kwenye FM nyakati za usiku inatoka huko na kwamba mamlaka ichukue hatua. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, tumeona tutoe ufafanuzi mmoja.

Klipu ni halali; NASA iliitoa Mei 2022. Haikurekodiwa na mtu yeyote. Haihusiani na mawimbi ya redio hata kidogo, kwa kuwa ilitengenezwa kutokana na picha ya eksirei. Galaksi ya Perseus A, lilimo shimo hilo jeusi, ni kweli hutoa mawimbi ya redio, tena kwa nguvu kubwa, lakini haitangazi kitu. Mikwaruzo ya FM tutaifikia.

Galaksi inayozungumziwa ni NGC 1275, ambayo watu wa redio tunaiita Perseus A, au 3C 84 kwa namba yake kwenye orodha ya Cambridge ya vyanzo vya redio. Imekaa katikati kabisa ya kundi la galaksi la Perseus, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 240 kutoka kwetu. Kundi hilo lina maelfu ya galaksi, lakini anayedhani galaksi ndizo mali yote ya kundi hajaona hesabu. Nafasi iliyo kati yake imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na gesi hiyo ina uzito mkubwa kuliko nyota zote za kundi zikijumlishwa. Kwa macho haionekani. Kwa eksirei, Perseus ndilo kundi linalong'aa kuliko makundi yote ya galaksi angani.

Gesi inayong'aa inapoteza joto. Pale katikati, palipo na msongamano, hesabu zinaonyesha kuwa ingepaswa kupoa ndani ya miaka mamia ya mamilioni, muda mfupi sana ukilinganisha na umri wa kundi, kisha imiminike kuelekea NGC 1275 na kuzaa nyota kwa mamia kila mwaka. Wataalamu waliutarajia mmiminiko huo tangu miaka ya 1970. Darubini kubwa za eksirei, Chandra na XMM-Newton, zilipopelekwa angani mwaka 1999 na kuanza kupima sawasawa, gesi iliyopoa haikupatikana kwa kiasi kilichotarajiwa. Ipo, na NGC 1275 inazaa nyota, lakini ni sehemu ndogo tu ya ilichopaswa kupokea. Kwa hiyo kuna kitu kinachoipasha moto gesi ile upya.

Kitu chenyewe ni galaksi ya redio. Katikati ya NGC 1275 lipo shimo jeusi ambalo makadirio yanaliweka kwenye uzito wa Jua milioni 800 hivi. Hapa naomba nirudie jambo ambalo ofisi hii imelirudia mara nyingi mno: shimo jeusi halivuti kila kilichopo. Lingewekwa mahali pa Jua letu, ukingo wa hili, yaani mpaka ambao kilichouvuka hakitoki tena, ungefika kati ya njia ya Zohali na ile ya Uranusi. Nje ya hapo vitu huzunguka kama vinavyozunguka chochote chenye uzito. Sehemu ya gesi inayosogea karibu nalo haiingii. Hutupwa nje kwa pande mbili, kwa mikondo miembamba ya elektroni zinazokwenda kwa kasi inayokaribia ya nuru. Elektroni hizo zikizunguka kwenye uga wa sumaku hutoa mawimbi ya redio. Hayo ndiyo tunayoyapokea, na ndiyo maana ya kuiita galaksi ya redio.

Mikondo inapogonga gesi ya kundi, huisukuma pembeni na kuacha viputo viwili vikubwa. Setilaiti ya ROSAT ilionyesha mapengo hayo kwenye picha za eksirei mwaka 1993. Ukiweka ramani ya redio juu ya picha ya eksirei, mawimbi ya redio yanakaa palepale palipo na mapengo, pengo kwa pengo. Viputo vikishajaa hujitenga na kupanda kuelekea nje kama vile vya uji mzito jikoni, na nafasi yao huchukuliwa na vipya. Upande wa kaskazini-magharibi lipo pengo la zamani ambalo elektroni zake zimechoka kiasi kwamba ni masafa ya chini tu yanayoonyesha mabaki yake. Nyuma yake umefuata uzi wa gesi uliojipinda kama kiatu cha farasi, ukiwa umeburutwa na kiputo kilipokuwa kikipanda. Nyuzi za aina hiyo zinaizunguka NGC 1275 pande zote. Picha ya darubini ya Hubble ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba zimeundwa na vijiuzi vyenye upana wa takriban miaka ya nuru 200 tu, na kinachovishikilia visisambaratike ni uga wa sumaku.

Sasa sauti. Mwaka 2003 kikundi kilichoongozwa na Andrew Fabian wa Chuo Kikuu cha Cambridge kilitangaza kwamba picha ya Chandra, iliyopigwa kwa saa 53, inaonyesha mawimbi ya duara yakitanuka kutoka kwenye viputo. Hayo ni mawimbi ya sauti kwa maana kamili ya fizikia, yaani gesi inayobanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa. Wanaoandika "angani hakuna sauti" na kufunga mjadala basi wapunguze kidogo. Gesi ya kundi ni nyembamba sana kwa sikio la binadamu, lakini haizuii mawimbi yenye urefu wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru. Wimbi moja huchukua takriban miaka milioni 10 kupita. Kwa lugha ya muziki ni noti ya B-flati, oktava 57 chini ya C ya katikati ya kinanda.

Saa 53 dhidi ya miaka milioni 10. Hapo ndipo neno "imerekodiwa" linapoanguka. Chandra ilipiga picha ya mawimbi yakiwa yamesimama. Walioandaa klipu walichukua picha hiyo, wakasoma mpangilio wa mawimbi kutoka katikati kwenda nje, upande baada ya upande, kisha wakaupandisha oktava 57 na 58 ili usikike. Kila oktava ni kuzidisha masafa mara mbili, hivyo oktava 57 ni kuzidisha kwa namba 144 yenye sifuri 15 nyuma yake. Ni kazi nzuri, na watu wasioona wamefaidika nayo. Lakini ule mlio wa kutisha ambao wengi wanausikia kama kilio umetokana na namna data ilivyopandishwa na kuchanganywa. Msimamo wa taasisi ni kwamba klipu isambazwe pamoja na maelezo yake ya asili, au isisambazwe.

Kama mawimbi hayo ndiyo yanayosambaza joto kwenye gesi, hilo bado linajadiliwa. Setilaiti ya Hitomi ya Japani, iliyorushwa Februari 2016 na kupotea mwezi uliofuata, iliwahi kuitazama Perseus kabla ya kuharibika. Ilipima msukosuko wa gesi kwa kasi ya takriban kilomita 164 kwa sekunde. Kwa mahali panapochochewa na shimo jeusi, huo ni utulivu wa kushangaza. Kuna wanaosema msukosuko huo unatosha kuipasha gesi moto, na kuna wanaosema mawimbi ya sauti lazima yabebe sehemu kubwa ya mzigo. Setilaiti ya XRISM, iliyorushwa Septemba 2023, inaendeleza vipimo vya aina hiyo.

Nije kwenye masafa, ambayo ndiyo kazi yangu.

Perseus A ni miongoni mwa vyanzo vya redio vyenye nguvu nje ya galaksi yetu, na bado kinachotufikia ni kidogo mno. Simu moja ya mkononi ikiwa inapiga kutoka Mwezini, kwenye masafa yake ingeishinda galaksi hiyo zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo hapana, redio ya mezani haitaipata hata uizungushe usiku kucha. Na kwa walioleta malalamiko: mikwaruzo ya FM hutokana na chaja za bei rahisi, taa za LED zisizo na kichujio, na nyaya zilizolegea. Kabla ya kuilalamikia galaksi, chomoa chaja. Si wasikilizaji wa FM peke yao wanaokutwa na haya. Kwenye darubini ya Parkes, Australia, wataalamu walisumbuliwa kwa miaka na mipigo isiyoeleweka, hadi mwaka 2015 ilipothibitishwa kwamba ni oveni ya maikrowevu pale kituoni, iliyokuwa ikifunguliwa mlango kabla haijamaliza.

Utaratibu wa kuzilinda darubini za redio dhidi ya usumbufu uko hivi. Kanuni za Redio za ITU, umoja wa kimataifa wa mawasiliano, kwenye tanbihi namba 5.340, zinakataza utoaji wowote wa mawimbi kati ya megahezi 1400 na 1427, kwa sababu humo ndimo ilimo alama ya hidrojeni, yaani masafa ambayo hidrojeni ya angani hutoa mawimbi yake ya asili, megahezi 1420.4. Si kwamba kuna leseni ngumu kupatikana, leseni haipo. Viwango vya usumbufu unaovumilika vimewekwa kwenye pendekezo la ITU namba RA.769, vikihesabiwa kwa upokeaji wa sekunde 2000. Pendekezo RA.1513 linaongeza kwamba mtandao mmoja wa mawasiliano usisababishe upotevu wa data unaozidi asilimia 2, na mitandao yote kwa jumla isizidi asilimia 5. Kituo kikisumbuliwa kinajaza fomu ya Kiambatisho cha 10 cha Kanuni: masafa yaliyopimwa, tarehe na saa, nguvu ya mawimbi, uelekeo, na maelezo ya kituo kinachoshukiwa. Fomu isiyo na saa sahihi hurudishwa. Malalamiko yanapitia kwa mamlaka ya nchi, ambayo inaiandikia mamlaka ya nchi nyingine. ITU yenyewe haina askari wala mahakama ya kutoza faini. Kila nchi huwabana wenye leseni wake.

Adhabu zinaulizwa sana, hivyo nitoe mfano ulio wazi. Huko West Virginia, Marekani, sheria ya jimbo ya mwaka 1956 inalinda eneo la maili 10 kuzunguka kituo cha darubini za redio dhidi ya vifaa vya umeme vinavyoleta usumbufu, na faini yake ni dola 50 kwa kila siku kosa linapoendelea. Kiasi ni kidogo. Kinachouma ni hicho "kila siku".

Lakini ulinzi huo wote hauisaidii Perseus A kama watu wanavyodhani. Kundi linatukimbia kutokana na kutanuka kwa ulimwengu, na mawimbi yake yanashuka masafa. Hidrojeni ya NGC 1275 haitufikii kwenye 1420, inatufikia karibu na megahezi 1396, nje ya uzio. Iko pia galaksi ya pili mbele yake, inayoielekea kwa kasi ya kilomita 3000 hivi kwa sekunde, na kivuli cha hidrojeni yake, yaani pale inapomeza mawimbi yanayotoka nyuma yake, kilichogunduliwa mwaka 1973, kinaangukia karibu na 1383. Setilaiti za GPS zina ishara iitwayo L3 kwenye 1381.05, inayotumika kwa mfumo wa kugundua milipuko ya nyuklia. Haiwashwi wakati wote, ila ikiwashwa, anayetafuta hidrojeni kwenye masafa hayo anazitupa dakika hizo. Hakuna kosa lililotendeka, na fomu ya Kiambatisho cha 10 hapo haina kazi. Kinachofanyika ni kuwekana wazi ratiba, na kusafisha data kwa mkono, chaneli baada ya chaneli.

Kwa wanaouliza inakaa wapi: katikati ya Desemba, saa nne usiku hivi, tafuta Kilimia, kisha elekea kaskazini kwa upana wa takriban ngumi mbili za mkono ulionyooshwa. Kundi liko pale, karibu na nyota ya Algol. Kwa macho utaona Algol tu.

Maswali zaidi yanapokelewa. Unapotuma, ambatanisha klipu yenyewe na si picha ya skrini, eleza uliipata wapi, na kama unalalamikia usumbufu, andika masafa, tarehe na saa ulipousikia, pamoja na vifaa vya umeme vilivyokuwa vimewashwa ndani ya nyumba. Malalamiko yasiyo na orodha ya vifaa hayatashughulikiwa.