Povu linarejelezeka. Mchuzi ndio haurejelezeki

Mjadala wa kupiga marufuku maboksi meupe ya povu la plastiki ya kubebea chakula cha teikawei ukianza hapa Kampala, hakosi mtu wa kusema, kwa uhakika wa hakimu: "Povu lile halirejelezeki kabisa." Wiki hii nimeisoma kauli hiyo mara tatu. Chini yake, bila kuchelewa, muuza maboksi anajibu kwamba linarejelezeka asilimia 100 na anaonyesha pembetatu yenye namba 6, ile alama ya aina ya plastiki. Wote wawili wananichosha. Wa kwanza ananichosha zaidi, kwa sababu niko upande wake na hoja yake inatuangusha.

Kikemia hakuna cha kubishania. Boksi lile ni polistireni, plastiki ileile ya hanga za nguo, ila imejazwa gesi mpaka ikavimba. Ukiipasha moto inaanza kulainika kwenye nyuzi 100 hivi, ukiipoza inakuwa ngumu tena, na unaweza kurudia. Inatoka chembechembe, na chembechembe zinatoka fremu za picha, hanga na urembo wa dari. New York waliionja hasara ya kupuuza jambo hili. Sheria yao ya 2013 ilitaka jiji liamue kwanza kama povu la vyombo vya chakula linaweza kurejelezwa. Jiji likasema haliwezi, mwaka 2015 mahakama ikaitengua marufuku, ikabidi jiji lipange hoja zake upya 2017, na marufuku haikuanza hadi 2019. Ukiijenga marufuku juu ya neno "halirejelezeki", wakili mwenye picha ya mashine moja inayofanya kazi anaibomoa asubuhi moja.

Swali lenye maana ni jingine: ni kilo ngapi, ni safi kiasi gani, na lori analipa nani?

Anza na lori. Povu la kufungashia televisheni lina kilo 15 hadi 30 kwa kila mita ya ujazo. Polistireni isiyo na povu ina kilo 1,050. Kilichobaki ni hewa. Sasa chukua Canter ya tani nne, bodi lake tuseme lina mita 16 za ujazo, ulijaze maboksi ya chipsi yaliyofungwa, ya sentimita 20 kwa 20 kwa 7. Yanaingia kama 5,700. Kila moja likiwa na gramu 10, umebeba kilo 57. Dereva peke yake ana uzito zaidi. Mafuta ya gari ni yaleyale, foleni ya Jinja Road ni ileile, na mnunuzi wa plastiki analipa kwa mzani, halipi kwa ukubwa wa mzigo.

Ndiyo maana kazi ya povu huanza na kuligandamiza palepale linapotoka. Mashine ya baridi ina visu vya kulivunja vipande, kisha parafujo kubwa linavisukuma kwenye mdomo mwembamba mpaka hewa itoke, na kinachotokea ni magogo ya kilo 200 hadi 400 kwa mita ya ujazo. Hapo Canter ileile inajaa tani zake nne. Mashine ya joto huyeyusha kabisa na kutoa matofali mazito zaidi, lakini moto ukizidi polistireni inaanza kuoza kikemia, moshi unatoka na harufu ya staireni, kemikali inayounda polistireni, inajaa chumba. Usijaribu kwenye sufuria nyuma ya nyumba, tafadhali.

Mashine hizi hazipendi vitu vitatu: selotepu, maji, na povu la aina nyingine. La tatu ndilo linaloharibu kazi ya watu wengi. Ndani ya katoni moja ya televisheni mna mapovu mawili meupe. Moja ukilipinda linavunjika kwa mlio na kumwaga punje. Hilo ni polistireni. Jingine linapinda tu na kurudi, na mara nyingi ndilo linalofunika kioo. Hilo ni polithini. Ukikosa uhakika, dondosha tone la asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Polistireni inanywea na kuyeyuka kama sukari kwenye chai, polithini haijali. Ukiyayeyusha pamoja hayaungani. Bidhaa inabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na mteja anarudisha mzigo wote.

Kama mzigo umeshasagwa, tumia maji. Vipande vya polistireni vilivyotolewa hewa vinazama kwenye maji matupu, polithini inaelea. Halafu weka chumvi, gramu 160 hivi kwa kila lita: polistireni sasa inapanda juu, chupa za maji na PVC, plastiki ya mabomba, zinabaki chini. Ndoo mbili zimemaliza kazi.

Sasa tufike kwenye mchuzi, ambao hauandikwi kwenye pembetatu yoyote. Boksi ni gramu 10. Kijiko kimoja cha mchuzi wa kuku ni gramu 15. Yaani unaponunua kilo ya maboksi yaliyotumika, huenda zaidi ya nusu ya ulichonunua ni mafuta, kechapu na mifupa. Kupata kilo moja safi unaosha maboksi 100, kwa maji ya moto na sabuni, kisha unayakausha. Usipoosha, mafuta yanaungua ndani ya mashine, plastiki inageuka njano, inanuka, na chembechembe zinatoka na viputo ndani vinavyovunja hanga siku ya kwanza. Hata yakiwa masafi, maboksi haya hukatwa kwenye karatasi nyembamba ya povu na hayana punje kama povu la televisheni, kwa hiyo kwenye mashine ya baridi yanajikunja na kurudi badala ya kuvunjika. Hakuna mtu mwenye hesabu nzuri atakayefanya kazi hiyo bila kulipwa na mwingine.

Povu safi ni habari nyingine kabisa. Maduka ya friji na televisheni yanalitoa likiwa kavu, la aina moja, mahali pamoja. Maboksi ya samaki pia: Japani masoko ya samaki huyagandamiza palepale sokoni. Yetu ya minofu ya sangara hupanda ndege Entebbe na kubaki huko ughaibuni, kwa hiyo hapa tunabaki na yaliyovunjika tu.

Ndiyo sababu napenda jinsi Umoja wa Ulaya ulivyokata: tangu Julai 2021 vyombo vya povu hili vya chakula cha kuliwa papo hapo ni marufuku, lakini povu la kukinga televisheni halikuguswa. Sisi tuna kawaida ya kupima unene. Marufuku ya kaveera, yaani mifuko ya plastiki, ilichora mstari kwenye mikroni 30, na hakuna mama wa sokoni Owino anayeweza kuziona mikroni 30 kwa macho. Kwa povu mstari huo ni kichekesho: ukuta wa boksi la chipsi una milimita 2 hivi, yaani mikroni 2,000. Lingefaulu mtihani kwa maksi za juu kabisa. Sheria itaje matumizi, na itaje povu la punje na la karatasi yote mawili, la sivyo muagizaji atabadilisha neno moja kwenye karatasi za forodha.

Na ile kauli kwamba povu huchukua "miaka 500 kuoza" tuiache. Polistireni imeanza kuuzwa miaka ya 1930. Aliyekaa kuhesabu ni nani? Inatosha kuona kwamba jua hulikausha povu na kulivunja punje punje, na mvua ikinyesha punje zinashuka na mfereji wa Nakivubo hadi Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria.

Ninapoyumba ni kwenye mbadala. Boksi la karatasi lenye utando wa plastiki ndani halirejelezeki kirahisi pia, na lina uzito zaidi. La makapi ya miwa linasikika vizuri, ila yapo yanayotiwa kemikali za florini ili mafuta yasipenye, na makapi yenyewe kiwanda cha Kakira kinayachoma kuzalisha umeme. Jani la ndizi linaibeba luwombo, mchuzi unaopikwa ndani ya jani hilohilo, bila shida, lakini chipsi na kechapu juu ya boda kutoka Wandegeya hadi Ntinda? Mteja kuja na chombo chake ndilo jibu ninaloliamini zaidi, ingawa kuna wauzaji wanaokataa: mteja akiumwa tumbo, chombo kilikuwa cha nani?