Mihimili Miwili Kwenye Grafu Moja: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Chukua hali ya hewa ya Dar es Salaam, miezi 12: mvua kwa milimita, joto kwa nyuzi za Selsiasi. Aprili, masika yakiwa yamekolea, mvua hupita milimita 200. Joto mwaka mzima hucheza kati ya nyuzi 24 hivi na 28. Ukivichora kwenye mhimili mmoja, joto linalala chini kama uzi, halisomeki. Ndipo tunapoandika hivi kwa Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu:

fig, kushoto = plt.subplots()
kushoto.bar(miezi, mvua, color="steelblue", label="Mvua")
kulia = kushoto.twinx()
kulia.plot(miezi, joto, color="firebrick", label="Joto")

Grafu inatoka mara moja, na kwa sababu inatoka kirahisi, yapo mambo mengi yanayoaminiwa juu yake ambayo si kweli.

Dhana: twinx huongeza mhimili wa kulia tu.

Ukweli: huongeza grafu nzima, kama karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga iliyolazwa juu ya ile ya kwanza. Kinachoshirikiwa ni mhimili wa mlalo peke yake. Ukilishika hili, mambo mengi yanayosumbua yanajieleza. Ufunguo (legend), kisanduku cha majina ya rangi, unaonyesha mvua bila joto kwa sababu kushoto.legend() inajua vitu vya karatasi yake tu; kusanya vya pande zote kwa get_legend_handles_labels(), uviunganishe, kisha uite legend mara moja. Usipotaja rangi, mistari miwili hutoka na buluu ileile, kwani kila karatasi huanza kuhesabu rangi upya. Na ukichora nguzo upande wa kulia, zitaufunika mstari wa kushoto hata uupe zorder (namba inayopanga kipi kiwe juu ya kipi) ya 100, maana zorder ya mstari hufanya kazi ndani ya karatasi yake. Inayopaswa kupandishwa ni karatasi yenyewe:

kushoto.set_zorder(kulia.get_zorder() + 1)
kushoto.patch.set_visible(False)

Mstari wa pili usiusahau. Bila huo, usuli mweupe wa kushoto utafunika kila kilicho chini yake.

Dhana: secondary_yaxis ni twinx kwa jina jingine.

Ukweli: hiyo ni ya kuonyesha data ileile kwa kipimo kingine, kwa mfano Selsiasi kushoto na Farenhaiti kulia. Unaipa fomula ya kubadilisha, huipi data mpya.

Dhana: nguzo zikitoka nyembamba kama sindano, data ina kasoro.

Ukweli: mhimili ukiwa wa tarehe, upana huhesabiwa kwa siku. Ule wa kawaida, 0.8, ni chini ya siku moja katika mwezi mzima. Andika width=20.

Dhana: mistari ikipishana au ikishuka pamoja, kuna uhusiano.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Niliwahi kupeleka grafu hii kikaoni, mhimili wa joto ukianzia 22 na kuishia 29. Joto lilionekana kuporomoka kuanzia Aprili, mwezi uleule nguzo za mvua zilipokuwa ndefu. Mzee mmoja akasema, "Kumbe mvua ndiyo inayoleta baridi, mwanangu." Alisoma sawasawa kile nilichomchorea. Lakini mwezi wenye baridi kuliko yote ni Julai, katikati ya kipupwe, na mvua wakati huo ni haba. Joto hushuka kwa sababu jua limehamia kaskazini na kusi inavuma. Ningeandika kulia.set_ylim(0, 40), mstari ungekuwa karibu tambarare na asingesema lile.

Ukweli: mahali mistari inapokutana hutokana na vipimo ulivyochagua. Usipochagua, Matplotlib huchukua thamani ya chini na ya juu ya kila upande na kuacha nafasi kidogo, bila kujua upande mmoja una uhusiano gani na mwingine.

Dhana: basi mihimili miwili isitumike kamwe.

Ukweli: kuna waliofunga vipimo kwa sababu inayoeleweka. Katika michoro ya tabianchi ya wanaikolojia Walter na Lieth, nyuzi 10 husimama sambamba na milimita 20. Mvua ikiwa chini ya mstari wa joto, mwezi huo huhesabiwa mkavu. Julai ya Dar, yenye nyuzi 24, inahitaji milimita 48. Haizifikishi, na mchoro unaonyesha ukavu huo wazi. Hapo mistari kukutana kuna maana. Mvua ikizidi milimita 100, wao huibana skeli ili Aprili isiukandamize mstari wa joto, kwa hiyo kwenye msimbo utahitaji kuandika kipimo hicho mwenyewe.

Kama huna kanuni ya namna hiyo kwa data yako, plt.subplots(2, 1, sharex=True) hukupa grafu mbili, moja juu ya nyingine, miezi ikiwa imelingana. Siku hizi ndiyo ninayopeleka kikaoni.