Hasira za karibu, mbona kwa bosi hazitoki?

Kwenye huduma ya ushauri wa ndoa na familia ninayofanya kanisani, maneno ninayoyasikia kuliko yote ni haya, "mimi bwana nina hasira za karibu, ndo nilivyozaliwa, kwetu wote tuko hivyo". Wababa wanasema, wamama wanasema, siku hizi hadi watoto wa sekondari. Mi huwa nauliza swali moja tu, bosi akikufokea mbele za watu unafanyaje? Mtu anacheka kidogo alafu anasema aah pale nakausha, nifanyeje sasa na kazi naitaka. Haya. Kwahiyo kujizuia unaweza, tena vizuri tu, ila mkeo, watoto na dada wa kazi hawajawahi kuuona huo uwezo wako.

Ndo maana mtu akija anataka aombewe atolewe pepo la hasira namwombea bila shida, ila namuuliza pia, hilo pepo mbona lina adabu hivyo likifika ofisini?

Lakini tusicheke sana maana hata Daudi yalimkuta. Soma 1 Samweli 24, 25 na 26 kwa mkupuo bila kuruka. Sura ya 24 mfalme Sauli anamwinda na watu 3,000, anaingia pangoni kule Engedi kujisaidia kumbe Daudi yumo humohumo, wenzake wanamwambia leo ndo leo, yeye anakata kipande cha vazi tu na hata hicho kinamchoma moyoni. Sura ya 26 anamkuta Sauli kalala, mkuki umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake, Abishai, mmoja wa watu wa Daudi, anaomba ampige mara moja tu, Daudi anakataa. Sasa katikati hapo, sura ya 25, kuna tajiri anaitwa Nabali, kondoo 3,000, mbuzi 1,000, vijana wa Daudi walikuwa wanawalinda wachungaji wake nyikani, siku ya kukata manyoya Daudi anatuma vijana 10 kwa heshima kabisa wakaombe chochote kilichopo, jamaa anawajibu Daudi ni nani, siku hizi watumwa wanaotoroka mabwana zao wako wengi. Basi. Mtu aliyemvumilia mfalme aliyetaka kumuua anabeba watu 400 wenye panga na kuapa kwamba kukicha hatabaki mwanamume hata mmoja kwenye ile nyumba. Kisa kanyimwa chakula na kutukanwa!

Mi naona tofauti iko hapa. Kwa Sauli Daudi alikuwa ameshaamua kabla, huyu ni masihi wa Bwana, yaani aliyepakwa mafuta na Mungu, mkono wangu haumgusi, kwahiyo jaribu lilipokuja likakuta uamuzi upo. Kwa Nabali hakuwa ameamua chochote, nani anajiandaa kwa mtu kama Nabali? Na sisi ndo hivyohivyo, kwa bosi, kwa askofu, kwa baba mkwe mipaka tulishajiwekea siku nyingi, ila kondakta anayezungusha chenji au mtoto aliyemwaga uji wakati gari la shule linapiga honi nje, hao wanatukuta hatujajipanga.

Aliyemuokoa Daudi ni Abigaili, mke wa Nabali. Alipakia mikate 200, divai, kondoo watano walioandaliwa, zabibu na tini juu ya punda, akamuwahi njiani, akashuka akainama, akamwambia kwa maneno ya leo kwamba bwana wangu siku ukiwa mtawala hutapenda hii damu ikusumbue moyoni. Daudi akatulia akambariki kwa kumzuia. Angalia vizuri wale 400 aliotoka nao, hatusomi hata mmoja aliyemwambia mkuu tusubiri kidogo. Na wewe ukikasirika unampigia nani? Wengi wanampigia yule atakayesema "mkomeshe huyo".

Alafu kuna ushauri wa mtaani kwamba hasira itoe, piga mto, piga kelele, utapoa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani Brad Bushman alichapisha utafiti wake, watu waliochokozwa wakapiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko wale waliokaa tu kimya. Mithali 29:11 ilishasema mpumbavu hudhihirisha hasira yake yote.

Kwahiyo ninachowapa watu ni kazi ya kuandika. Chukua daftari, andika Nabali wako ni nani, saa ngapi, mahali gani, utashangaa ni walewale na saa zilezile, mara nyingi una njaa, hujalala au ni tarehe za mwisho wa mwezi. Mpeleke huyo mtu kwenye maombi kwa jina wakati umetulia, na uamue kabisa akifanya lile jambo lake utasema nini. Kiasi, yaani kujizuia, ni tunda la Roho, Galatia 5, sawa, ila hata Daudi alitakiwa kumsikiliza Abigaili. Ikipanda toka nje, ila aga, "natoka, narudi baada ya nusu saa tuongee", maana kuondoka kimya nako ni kumuadhibu mtu. Na simu iache ndani, voisi noti za hasira zimevunja nyumba nyingi.

Wewe unayepigwa haya hayakuhusu, usiambiwe uvumilie ili mwenzio ajifunze kiasi. Nenda dawati la jinsia polisi, na mchungaji atakayekuzuia mimi siko naye.

Swali linalokuja kila semina ni Efeso 4:26, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, kwahiyo watu wanalazimisha kesi iishe saa sita usiku wote wamechoka, ndo inazidi. Mi nasoma kwamba uchungu ndo usilale nao, kesi inaweza kulala. Abigaili aliporudi alimkuta mumewe amelewa chakari, hakumwambia neno lolote, kubwa wala dogo, mpaka asubuhi pombe ilipomtoka. Kwahiyo usiku semeni tu "bado sijamaliza ila sikuchukii", pangeni saa ya kesho, tena iwe baada ya chai.